Tumbo Limejaa, Ng'ombe Ana Njaa



Huku kwetu Shinyanga mahindi yamekwisha kukauka mashambani na watu wameanza kuvuna. Baada ya majuma machache mtaona moshi. Wengine huchoma mabua ili shamba liwe safi, wengine huyaacha yakanyagwe na ng'ombe wa kila mtu mpaka yawe vumbi. Basi, kabla moshi haujapanda, nimeona yafaa tuseme habari ya chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi. Siandiki kama fundi. Mimi ni karani wa parokia, na chuoni nilisomea ualimu, wala si mifugo. Ninayoyajua nimefundishwa na Bwana Mifugo wetu, na vitabu viwili vitatu, na ng'ombe mmoja mwekundu aliyenitia aibu mbele ya kijiji kizima.

Ng'ombe huyo nilimnunua mwezi wa Mei kwa fedha za pamba za misimu mitatu. Alikuwa na mimba changa, na bado alitoa lita 3 za maziwa kwa siku. Watoto wakapata uji mweupe asubuhi, na lita moja tukauza. Mwaka ule mvua zilikatika mapema, majani yakakauka, nami nikajiambia kuwa ng'ombe wangu hataona njaa. Nikakusanya mabua. Kila jioni nilimjazia hori mpaka pomoni, naye alikula, na tumbo lake likawa kama ngoma. Majirani wakipita walinisifu.

Mwezi wa Julai maziwa yalishuka hata nusu lita, kisha yakakoma. Mama watoto akaniambia, "Baba, huyu ng'ombe anakonda. Nimemshika mgongo, ni mifupa." Nikamjibu kwa ukali kidogo, kama tufanyavyo wanaume tukiwa hatujui neno, "Hulioni tumbo lake?" Mwezi wa Septemba, asubuhi moja, tulimkuta amelala. Tukamwinua, akaanguka. Tukaita watu wanane na magogo na kamba, tukamwinua asubuhi na jioni. Usiku wa pili ndama alitoka kabla ya wakati wake, amekufa.

Bwana Mifugo alipofika hakuanza na sindano. Alikwenda kwanza horini akashika mabua, akayavunja, akayanusa. Kisha akaangalia kinyesi: kigumu, kikavu, na vipande virefu vya mabua ndani yake. Akaniuliza, "Umemlisha nini?" Nikamwambia kuwa tangu Juni ng'ombe huyu hajalala njaa hata siku moja. Akasema, "Umemjaza, ndugu yangu. Hukumlisha."

Maneno hayo yaliniuma, maana nilikuwa nimefanya kazi. Lakini alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akanieleza, nami nataka nikueleze wewe kabla hujaingia hasara kama yangu.

Umepata kusimama machinjioni wakati wanapotoa matumbo ya ng'ombe? Basi umeyaona yote manne. La kwanza ni kubwa kupita yote, lenye manyoya manyoya kwa ndani, ambalo wachinjaji huliita taulo. La pili ni dogo, lina vyumba kama sega la nyuki. La tatu lina kurasa kama kitabu. La nne ni laini, nalo ndilo linalofanana na tumbo langu na lako. Watu wengi hudhani ng'ombe ana matumbo manne ili apate kula mara nne. Sivyo.

Ng'ombe hana kitu mwilini mwake cha kuyeyushia bua. Nawe huna, ukila bua litatoka kama lilivyoingia. Tofauti yenu ni kwamba ng'ombe amefuga. Katika tumbo lile la kwanza vimo vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vingi kupita hesabu, navyo ndivyo vinavyochachua majani kama chachu ichachuavyo pombe. Ng'ombe anapolala kivulini na kucheua, anavisagia vijidudu vyake chakula, na kazi hiyo huifanya saa sita hata nane kwa siku. Yale yatokayo katika uchachu huo ndiyo yanayompa nguvu. Na vijidudu vyenyewe, vikisukumwa mpaka tumbo la nne, huyeyushwa, vikawa nyama na maziwa. Kwa hiyo ng'ombe naye ni mfugaji: hufuga, kisha hula mifugo yake.

Sasa, hapa ndipo nilipokosea. Vijidudu hivyo haviwezi kuishi kwa bua tupu. Vyataka protini, yaani kile chakula cha kujenga mwili tulichofundishwa shuleni. Wataalamu wamepima wakaona kuwa katika kila kilo 100 za chakula kikavu yafaa protini isipungue kilo 7. Ikipungua, vijidudu hulegea. Bua hukaa tumboni siku nyingi bila kuyeyuka, na kwa kuwa haliyeyuki halitoki, na kwa kuwa halitoki hakuna nafasi ya kula kingine. Wewe mwenye ng'ombe waona tumbo limejaa. Ng'ombe mwenyewe anakula nyama ya mgongo wake.

Na bua la mahindi lina protini kiasi gani? Katika kilo 100, ni kilo 3 hadi 5 tu.

Chukua kalamu, tufanye hesabu pamoja, ualimu haujanitoka. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 hivi hula kadiri ya kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Kilo 6 za mabua zina gramu 240 za protini. Vijidudu vyataka gramu 420. Pana upungufu wa gramu 180, kila siku, kuanzia Juni mpaka Novemba.

Ondoa kilo moja ya mabua, utie kilo moja ya mashudu mazuri ya pamba. Mabua yaliyobaki, kilo 5, yana gramu 200, na mashudu yana gramu 250 au zaidi. Jumla ni 450. Umevuka.

Huna fedha ya mashudu? Chukua majani makavu ya mlusina. Kilo moja na nusu yatakupa gramu 300 hivi, na kilo 4 na nusu za mabua gramu 180. Umevuka tena, na hukutoa senti. Au chukua majani ya karanga, yale tunayoyatupa jalalani baada ya kung'oa. Nusu kwa nusu na mabua, kilo 3 kwa kilo 3, utafika barabara, mradi majani hayo yalikaushwa yangali na ubichi wake, si yaliyoachwa juani mpaka yakapukutika ukabaki na vijiti. Majani ya viazi vitamu na ya kunde nayo ni mazuri sana, na ni nani huku Usukumani asiyelima viazi? Tunachukua kiazi tukafanya michembe na matobolwa, majani tunayaacha shambani.

Fahamu lakini kuwa hesabu hii ni ya kumfanya ng'ombe asimame tu. Mwenye mimba kubwa na mwenye kukamuliwa huhitaji zaidi. Nyumbani kwako huna mizani, najua. Nenda siku moja na kikapu chako penye mizani, dukani au mashineni, upime mabua na majani mara moja, kisha mkono wako utakumbuka fungu.

Kitu kingine alichonionyesha Bwana Mifugo ni jinsi ya kutoa mabua yenyewe. Mimi nilikuwa nikitupa bua zima horini. Ng'ombe huchagua, hula majani ya bua na sehemu laini ya juu, shina gumu huliacha na kulikanyaga. Mwenye haki ni yeye, maana jani la bua ni bora kuliko shina. Sasa nakatakata kwa panga vipande vya urefu wa kidole, na masazo naweka kwenye mbolea. Wala simlazimishi amalize.

Kuna kisa kimoja cha Marekani ambacho hunisaidia nikieleza watu jambo hili. Mwaka 1907, katika jimbo la Wisconsin, wataalamu wa chuo cha kilimo walichukua mitamba 16, wakawagawa makundi manne. Kundi moja walipewa mahindi tu, yaani punje pamoja na majani na mabua yake; la pili ngano tu; la tatu oti, nafaka ya nchi za baridi; la nne mchanganyiko wa zote tatu. Kwa kipimo cha karatasi vyakula vyote vilikuwa sawasawa. Baada ya muda, wale wa mahindi walikuwa na afya na wakazaa ndama wenye nguvu. Wale wa ngano walidhoofika, na ndama wao wakazaliwa wamekufa au wakafa mara. Karatasi ilikuwa imesema sawa! Mmoja wa wataalamu wa chuo hicho, Elmer McCollum, akaendelea kutafuta, na mwaka 1913 yeye na msaidizi wake Marguerite Davis wakatangaza habari za kitu ambacho leo twakiita vitamini A. Ng'ombe huipata katika majani mabichi ya rangi ya kijani. Katika bua lililopauka kwa jua la miezi mitatu karibu haimo. Ndiyo maana ng'ombe mwenye mimba apewe walau konzi za kitu kibichi kila siku hata katika ukame: tawi la mlusina, majani ya viazi ya bondeni, chochote kilicho kijani.

Maji nitayasema kwa ufupi, maana kila mtu anayajua na kila mtu anayasahau. Ng'ombe mkubwa asiyekamuliwa anataka kadiri ya madebe mawili kwa siku ya joto. Anayekamuliwa anataka zaidi, kwa kuwa katika lita 10 za maziwa karibu lita 9 ni maji. Akila vikavu bila kunywa, tumbo lile la kwanza halichachui. Ikiwa lambo liko mbali na unawapeleka siku moja na kuacha siku moja, usishangae maziwa yakipungua hata kama umetoa mashudu.

Chumvi nayo. Ukimwona ng'ombe wako anatafuna mifupa ya zamani machungani, usiseme amerogwa wala ana tabia mbaya. Majani ya kiangazi hayana fosforasi ya kutosha, naye anaitafuta katika mfupa. Mfupa wa mzoga waweza kumtia sumu ya kumlegeza viungo na kumwua. Nunua chumvi ya mifugo yenye madini, iwe ya jiwe au ya unga, uweke mahali pasiponyeshewa, alambe mwenyewe.

Hapa niseme pia ya hatari, maana mtu akisikia kwamba chakula kizuri huponya, hutaka kutoa kingi siku ileile. Usifanye hivyo. Vijidudu vya tumboni vimezoea bua. Ukileta kitu kipya anza na konzi, uongeze kidogo kidogo kwa muda wa juma moja au mawili. Ng'ombe aliyevunja mlango wa ghala akala gunia la mahindi hafi kwa kushiba. Anakufa kwa sababu nafaka huchachuka mno tumboni ikageuka kuwa asidi kali. Mkimkuta, msikae kungoja kesho. Mwiteni mtaalamu saa ileile.

Majani ya mlusina yasizidi theluthi moja ya chakula cha ng'ombe, kwa kuwa yana sumu kidogo. Ukimpa nguruwe kwa wingi manyoya yake yatanyonyoka. Mashudu ya pamba ni chakula cha ng'ombe mkubwa. Usiwape kwa wingi nguruwe, kuku wala ndama mchanga, kwani yana kitu kinachowadhuru. Majani na maganda ya muhogo yaanikwe kwanza. Na pumba ukinunua, zishike mkononi na kuzitazama. Pumba za mahindi ni chakula, lakini zile za mpunga zilizojaa makapi ni za kujaza gunia tu na kupunguza fedha yako.

Na mahindi yaliyoota kuvu? Wengi husema, "Haya hayafai watu, tuwape ng'ombe." Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo haiishii kwa ng'ombe. Hupita ikaingia katika maziwa, na maziwa wanakunywa watoto wako. Mahindi hayo yafukie.

Sasa turudi kwa yule mwekundu. Tulimpa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, majani ya mlusina kutoka uani kwa shule, na mashudu konzi mbili, kisha nne, kisha zaidi. Siku ya tatu alianza kucheua. Mama watoto ndiye aliyeona kwanza, akaniita niache kazi nije nitazame ng'ombe anavyotafuna. Siku ya tano alisimama mwenyewe. Maziwa hatukuyaona tena mwaka ule, na watoto walikunywa uji wa maji mpaka mwaka uliofuata.

Wazee wetu hawakungoja Septemba. Walikuwa na ngitili. Mvua zikiwapo walitenga sehemu ya malisho, wakaifunga, hata ndama haingii, mpaka kiangazi kikali ndipo walipoifungua. Ngitili nyingi zilikuja kupotea. Ulipoanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, mwaka 1986, watu walianza kuzirudisha, na leo ukipita njiani utaziona tena, zimejaa miti na majani yaliyosimama. Kama ukoo wenu una ngitili, msiifungue Juni kwa sababu jirani amefungua yake. Na majani yale marefu yaliyokauka, ingawa ni mengi, ni ndugu wa bua: yatiliwe kitu cha protini pembeni.

Neno moja sasa ambalo najua wengine hawatalipenda. Kama chakula ulichokusanya kinatosha ng'ombe wanne, nawe una kumi, hutalisha kumi. Utawakondesha kumi. Yupo mtu karibu nasi aliyeshauriwa auze watatu mwezi wa Julai walipokuwa wanono, akakataa, akasema hawezi kupunguza boma la baba yake. Mwezi wa Novemba aliuza ngozi sita. Simcheki, baba yake nami namkumbuka, na boma lile lilikuwa kubwa kweli. Lakini bei ya ngozi mnaijua.

Na kama ni lazima kuchagua, chakula chema kiende kwanza kwa mwenye mimba na mwenye kunyonyesha. Kisha, kuanzia Oktoba, usiwasahau maksai. Mvua ya kwanza ikinyesha, jirani mwenye maksai wenye nguvu analima siku ya pili. Wewe unawapiga fimbo wawili waliokonda, wanalala mtaroni, na mbegu yako inachelewa majuma mawili. Kilo moja ya mashudu kwa kila maksai kwa mwezi ule ni gharama, ndiyo. Linganisha na kukodi jembe la mwenzako.

Basi juma hili, ukivuna, kata mabua yangali na majani yake, usingoje yapukutike. Jenga uchanja wa miti wenye paa la nyasi, juu kupita kichwa cha mbuzi, na kwenye miguu yake uangalie mchwa kila siku chache, maana watapanda usiku na kula kabla ya ng'ombe. Majani ya karanga na ya kunde yaanikwe kivulini siku tatu au nne, uyageuze, kisha uyaweke upande wake, yasichanganyike na mabua, ili Septemba ujue una kiasi gani cha kila kimoja. Mimi huweka alama za chaki ukutani: fungu moja, mstari mmoja. Watoto ndio wanaofuta.

Yule mwekundu alipona. Mwaka uliofuata alizaa mtamba, naye amekuwa mkubwa sasa, ana mimba ya kwanza. Juma lijalo tutazungumza juu ya ndama, na kwa nini dang'a isimwagwe wala isinywewe na watu, bali apewe yeye katika saa sita za kwanza.